Pofu, tandala au palahala: ukitokea Dodoma, umfuate yupi?

Mtu anayeishi Dodoma ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Pofu, tandala mkubwa na palahala ni swala wakubwa ambao wapenzi wa wanyamapori husafiri kutoka mbali kuja kuwatafuta, na wote watatu wanafikika kwa gari kutoka hapa mjini ndani ya siku moja. Ila hawakai pamoja. Kila mmoja ana nchi yake, chakula chake na saa zake. Ukienda kwa mmoja huku ukimtarajia mwingine, utarudi na picha za tembo na punda milia tu.

Ndiyo maana nasema chagua mnyama kwanza, hifadhi baadaye. Wengi hufanya kinyume: wanasikia Mikumi ni karibu, au jirani kasifia Tarangire, wanaondoka. Lakini ukishajua mnyama anakula nini na anakunywa maji mara ngapi, umeshajua akae wapi, mwezi gani aonekane kwa urahisi, na saa ngapi uwe umeshaamka.

Vipimo vya haraka, kwa anayetaka kuona tofauti kwa jicho moja:

| | Pofu | Tandala mkubwa | Palahala |
|---|---|---|---|
| Uzito wa dume | kilo 400 hadi 900 na zaidi | kilo 190 hadi 315 | kilo 200 hadi 270 |
| Pembe | dume na jike. Zimenyooka, zimesokotwa | dume peke yake. Zimejizungusha | dume na jike. Zimepinda kurudi nyuma |
| Chakula | majani ya miti, nyasi changa | majani ya miti na vichaka | nyasi |
| Maji | anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa | anavumilia, ila hunywa yakiwepo | kila siku, au siku moja baada ya nyingine |
| Mimba | miezi 9 | miezi 8 | miezi 8 hadi 9 |

Safu mbili zinazoamua safari yako ni ile ya chakula na ile ya maji. Nyingine ni za kufurahisha macho.

Tandala mkubwa: mnyama wa nyika yetu

Nianze na huyu kwa sababu ndiye ninayempendekeza kwa safari ya kwanza. Nyika ya Tanzania ya kati, yenye migunga, mibuyu na vichaka vya miiba, ndiyo hasa nchi anayoipenda. Mvua zetu huja msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, kisha miezi mingi ya ukavu. Mnyama anayetegemea nyasi hapo anapata shida mapema. Tandala hategemei nyasi. Anakula majani, maganda ya mbegu, maua na machipukizi, na vichaka huwa na cha kutafunwa hata nyasi zikishageuka vumbi.

Rangi yake ni kijivu iliyochanganyika na kahawia, na ubavuni ana mistari myembamba myeupe, kwa kawaida kati ya 6 na 10. Mwezi wa Agosti, vichaka vikiwa vimepukutisha majani, mistari ile na vivuli vya matawi huwa kitu kimoja. Unaweza kumtazama dume mzima aliye hatua arobaini kutoka kwenye gari usimwone mpaka atikise sikio. Masikio yake yanastahili kutazamwa kwa darubini: makubwa, mapana, ndani yana rangi ya waridi, na kila moja linafanya kazi peke yake. Moja linasikiliza injini yako, jingine limegeukia nyuma kichakani. Akikugundua hakimbii papo hapo. Anaganda. Hapo ndipo unapopata picha yako, maana anaweza kusimama hivyo kwa muda. Akishakata shauri kwamba wewe ni hatari, hubweka mara moja, sauti nzito ya ghafla inayoshtua msitu mzima, kisha anaruka na mkia umeinuka kuonyesha weupe wa chini. Uzio wa mita mbili haumsumbui.

Pembe zake ndizo zinazomfanya atafutwe. Jike hana. Dume huanza kuota pembe kabla hajatimiza mwaka, akifika miaka miwili hivi ana mzunguko wa kwanza, na ile mizunguko miwili na nusu ya dume kamili hukamilika akiwa na miaka 6 hivi. Kwa hiyo ukijifunza kuhesabu mizunguko unaweza kukadiria umri wa kila dume kijana unayemwona. Ukizipima kwa kufuata mkunjo, pembe za dume mzima hufika wastani wa sentimita 120, na zipo zilizopita 180. Dume anayepita kichakani huinua pua juu, pembe zikalala juu ya mgongo, asikwame kwenye matawi. Wanapopigana husukumana, na mara chache pembe za wawili hunasana kiasi kwamba hawawezi kuachana, wote wakafa pale pale. Pembe hiyo hiyo, ikitobolewa, ndiyo baragumu ambalo wazee wetu walilipuliza kuita watu.

Majike hutembea na ndama katika vikundi vidogo. Madume hujitenga, peke yao au wachache pamoja, na huwafuata majike wakati wa kupandana tu. Ndama akizaliwa hufichwa kwenye nyasi ndefu, mama anakwenda kula na kurudi kumnyonyesha, na hali hiyo huendelea wiki mbili au zaidi kabla hajaanza kumfuata. Jambo la kusikitisha, na linaloathiri safari yako, ni kwamba madume hufa mapema kuliko majike. Kwa hiyo utaona majike wengi kabla ya kumwona dume mwenye pembe kamili. Usikate tamaa baada ya kundi la kwanza.

Mahali pa kwenda ni Hifadhi ya Taifa Ruaha. Ilianzishwa 1964, na ilipounganishwa na eneo la Usangu 2008 ikafika kilomita za mraba 20,000 na kidogo. Kutoka Dodoma unashuka kwa lami kupitia Mtera hadi Iringa, halafu kama kilomita 130 kuelekea Msembe, makao makuu ya hifadhi. Mimi huwashauri watu walale Iringa. Ukilazimisha kufika siku hiyo hiyo unaingia hifadhini jioni ukiwa umechoka, wakati mnyama huyu anataka macho yaliyopumzika. Fuata njia za kando ya Mto Ruaha Mkuu na zile za mito ya mchanga kama Mwagusi na Mdonya, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3. Jua likishapanda anajificha, na hutamwona tena mpaka saa 10 jioni.

Ruaha ina faida nyingine ambayo hifadhi nyingi hazina: yupo pia tandala mdogo. Watu huwachanganya, hasa majike. Angalia shingo. Mdogo ana mabaka mawili meupe kooni, moja juu na jingine chini, na mistari ya ubavuni ni mingi zaidi, 11 hadi 14. Dume wake hazidi sana kilo 100.

Pofu: mkubwa kuliko wote, na mwoga wa gari

Kwa uzito pofu hana mshindani kati ya swala, isipokuwa ndugu yake wa Afrika Magharibi na Kati. Wengine humwita mbunju. Dume mzee anaweza kupita kilo 900, uzito ambao fahali wa kizebu wa huku kwetu hawafikii. Ana nundu, ana ngozi pana inayoning'inia chini ya shingo, na akizeeka manyoya yake hupungua mpaka rangi ya kijivu ya ngozi inaonekana. Kwenye paji la uso dume ana kichaka cha nywele nyeusi ambacho hukisugua kwenye matope na kwenye mkojo wa majike, na harufu hiyo ndiyo tangazo lake.

Kwa upande wa tabia, huyu ndiye tajiri kuliko wote watatu, na kama wewe ni mwalimu wa baiolojia ningekusukuma kwake bila kusita. Chukua magoti yake. Dume mkubwa akitembea, miguu ya mbele hutoa mlio wa tak, tak, kama mtu anayevunja vijiti vikavu, na husikika mbali. Utafiti uliochapishwa 2008 kuhusu pofu wa Kenya ulionyesha kwamba mlio ukiwa mzito zaidi, mnyama ni mkubwa zaidi. Kwa maneno mengine madume wanajulishana nani ni nani bila kupigana. Wanyama wenye silaha nzito namna ile wakipigana kila siku wangemalizana.

Kisha kuna ndama. Kwa swala wengi ndama huambatana na mama. Ndama wa pofu, wakishapita siku chache za kufichwa, huvutana wao kwa wao kuliko wanavyovutwa na mama zao. Wanakaa kundi moja, wanalambana, na kundi la majike hukusanyika kuwazunguka. Fisi akijaribu kusogea, majike humvamia pamoja, na kuna nyakati hata simba huondoshwa. Pofu hana eneo analolilinda. Anahama kufuata malisho, na makundi ya mamia yanaweza kukutana mvua zikileta majani mapya, kisha yakatawanyika.

Maji ndiyo ajabu yake nyingine. Joto likizidi mchana, pofu huacha joto la mwili lipande nyuzi kadhaa badala ya kulipunguza kwa kutoa jasho, kisha hulitoa usiku hewa ikipoa. Hivyo anaokoa maji ambayo mnyama mwingine angeyapoteza. Akipata majani yenye unyevu wa kutosha anaweza kukaa muda mrefu bila kugusa kisima. Tawi likiwa juu, hulinasa kati ya pembe na kulivunja kwa kusokota kichwa.

Watu huuliza kwa nini asifugwe, maana ana nyama na maziwa yake yana mafuta mengi. Amefugwa: huko Askania-Nova, Ukraine, wapo tangu 1892. Lakini mnyama anayeruka uzio wa mita mbili akiwa amesimama tu, na anayehitaji malisho mapana hivyo, si wa kufungia zizini Chamwino.

Sasa ubaya wake kwa mtazamaji. Pofu ni mzito na si mwepesi wa mbio ukimlinganisha na swala wengine, kwa hiyo anajilinda kwa umbali. Mara nyingi ataanza kuondoka gari likiwa mita 300 na zaidi, kwa mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, ambao anaweza kuushika kwa muda mrefu bila kuchoka. Darubini si hiari hapa. Na ukiwa na watoto wadogo wanaotaka mnyama awe dirishani, watachoka haraka.

Njia yake kutoka Dodoma ni ya kaskazini: lami ya Kondoa na Babati, kama kilomita 250 hadi Babati, kisha mbele kidogo unakunja kuingia Tarangire. Nenda kati ya Julai na Oktoba. Mvua zikinyesha, wanyama wengi wa Tarangire hutoka nje ya hifadhi na kutawanyika. Wengine huelekea kusini, upande wa Pori la Akiba Mkungunero lililoko Kondoa, na wewe utakuta nyasi ndefu na ukimya. Kiangazi Mto Tarangire huwarudisha. Na ukipita Kolo simama. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia 2006, ina twiga, tembo na pofu waliochorwa na watu waliowajua wanyama hawa kwa karibu kuliko sisi. Ni kituo kinachofaa hasa kwa aliyeamua kumfuata pofu, kwa sababu anamwona mara mbili katika njia moja.

Pofu anapatikana Mikumi pia, kwenye uwanda wa Mkata.

Palahala: wa safari ya pili

Kwa uzuri, palahala angeshinda. Dume ni mweusi wa kung'aa, tumbo jeupe, uso una mistari myeupe, na pembe zimepinda nyuma hadi kuzidi mita moja. Jike ni kahawia-nyekundu, naye ana pembe, fupi kidogo. Shingo imejaa manyoya yaliyosimama. Hata mtu asiyejali wanyama hunyamaza akimwona.

Lakini simpendekezi kwa mara ya kwanza, na sababu ni mazingira yake. Palahala ni wa miombo. Anakula nyasi zinazoota chini ya miti hiyo, na hawezi kukaa mbali na maji. Miombo ni misitu mipana, miti imesimama kila upande, na makundi ya palahala yako mbalimbali. Unaweza kuzunguka siku nzima ukamkosa, si kwa uzembe wako, ni kwamba wao wenyewe ni wachache kwa eneo. Kundi la majike na ndama huwa na wanyama kumi hadi thelathini hivi na huongozwa na jike mkubwa. Dume hulinda eneo na kusubiri majike wapite ndani yake. Wakipigana hupiga magoti na kugonganisha pembe. Usidanganywe na umaridadi huo: palahala aliyebanwa na simba anageuka na kutumia pembe zile kwa ukali, na simba wamewahi kuuawa nazo.

Kuna jambo la maji ambalo lazima liingie katika uamuzi wako. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukiacha kutiririka kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu ya maji yanayochukuliwa juu kwenye mashamba ya mpunga na mifugo iliyokuwa imejaa Usangu. Tandala na pofu wanaweza kuhimili zaidi hali hiyo. Mnyama wa kunywa kila siku hawezi. Mimi naumia kila ninapofikiria hilo, kwa sababu mto ule ndio pia unaoleta maji Mtera, ambako mitambo inazalisha umeme tunaoutumia mjini hapa. Anayedhani suala la palahala ni la watalii tu aangalie tena ramani.

Ukimtaka palahala, una njia mbili. Ya kwanza ni Ruaha hiyo hiyo, lakini uende upande wa magharibi wenye miombo, mbali na Msembe, na uongeze siku. Ya pili ni Mikumi, kwenye vilima vyenye miombo pembezoni mwa uwanda. Mikumi ina faida ya usafiri: tangu 2024 treni ya SGR inakuchukua Dodoma hadi Morogoro, na kutoka hapo ni kama kilomita 100 kwa barabara kuu inayokatiza hifadhi. Kwa asiye na gari la kuaminika hiyo ndiyo safari nyepesi kuliko zote. Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, upande wa Manyoni, nayo ni nchi ya palahala, ila ni maeneo ya uwindaji chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Si pa kwenda na familia bila mipango maalumu.

Akiwa katika miombo hiyo mtu anaweza kukutana na korongo, ndugu wa palahala. Ni mkubwa zaidi kwa mwili, kilo 260 hadi 300 kwa dume, rangi ya mchanga uliochanganyika na kahawia, masikio marefu yenye ncha za manyoya, na uso una mabaka meusi na meupe. Pembe zake ni fupi kuliko za palahala. Ni adimu kiasi kwamba usipange safari kwa ajili yake. Akitokea, simamisha gari na ushukuru. Ruaha ni miongoni mwa hifadhi chache ambazo korongo na palahala wote wapo, kwa sababu hapo nyika kame ya mashariki na miombo ya kusini na magharibi zinakutana. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayoleta tandala wote wawili.

Basi yupi?

Kama hujawahi kumtafuta mnyama mmoja kwa makusudi, chukua tandala mkubwa, Ruaha, Julai hadi Oktoba, usiku tatu hifadhini zikiwezekana. Ndiye anayesimama akakutazama, ndiye anayeonekana karibu, na ukimkosa dume asubuhi moja bado kuna jioni na kesho yake. Na akishindikana kabisa, mto wenyewe haukuachi mikono mitupu.

Una siku mbili tu na unataka kulala kitanda cha hoteli Babati? Pofu. Una darubini nzuri, unapenda kukaa kimya nusu saa ukitazama kundi likila, au una wanafunzi wa sekondari wenye daftari? Pofu tena, na Kolo njiani. Hapo usihesabu picha za karibu.

Palahala mwachie mtu ambaye ameshawaona wale wawili, ana siku za kutosha na anaweza kurudi bila kumwona asijute. Mwanafamilia atakayeuliza kila saa "yuko wapi sasa?" usimpeleke kwake.

Kwa wanaojali kilichotokea zamani, tandala na pofu wana historia moja na ng'ombe wetu. Sotoka ya miaka ya 1890 iliyoangamiza mifugo ya Afrika Mashariki iliwaua na wao kwa wingi, kwa kuwa ni wanyama wa jamii moja. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani 2011. Mfugaji wa Kigogo au wa Kirangi anayemwona pofu porini anamwona jamaa wa ng'ombe wake, na chanjo iliyookoa zizi lake ilimwokoa na huyu.

Mambo ya mwisho ya mipango. Kwa Ruaha na Tarangire chukua gari la juu lenye nguvu ya magurudumu manne. Mikumi gari dogo linatosha kwenye barabara kuu, si kwenye njia za ndani. Ukiwa getini omba askari wa uhifadhi au mwongozaji wa kupanda naye gari, na mtajie mnyama mmoja unayemtaka badala ya kumwambia "tuzungushe tu". Wao wanajua ni kichaka gani tandala walilalia wiki hiyo. Mabanda ya TANAPA ya Msembe huwahiwa kuanzia Julai, kwa hiyo weka nafasi Mei.